Mama, Kengele Yako Ina Vipande Vitano

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nimeandika mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Nadhani hilo peke yake lingekufanya uweke chini chuma cha kulehemu, uvue miwani na kunitazama. Miaka yote ile tukiishi mtaa wa Berea ulinisemesha Kiswahili nami nikakujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu cha baba nilipotaka kukuchokoza. Hukukasirika hata mara moja. Uliendelea tu na Kiswahili chako cha Morogoro, kama mtu mwenye hakika kwamba siku moja nitakifuata.

Nimekifuata, Mama, ila nimechelewa, huwezi tena kunisikia.

Juzi nilipita chini ya jengo letu la zamani. Nilihesabu madirisha hadi ghorofa ya nne nikaliona lile lililokuwa la meza yako. Sasa kuna pazia la rangi ya chungwa na mtu ameanika soksi. Nilisimama pale nikakumbuka watu waliokuwa wakipanda ngazi na redio, pasi na birika mikononi, wengine wakiongea Kifaransa, wengine Kirundi, wote wakibisha hodi kwa jina moja, la kwangu lililofupishwa: "Mama Lindi?" Ufundi ulijifunza Morogoro, kwenye karakana ya shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, na huko huko ukakutana na baba. Njia ya kurudi kwao ilipofunguka ukamfuata hapa Johannesburg, mimi nikiwa mgongoni. Nilipofika miaka tisa baba akafariki, na tangu hapo ile meza ndiyo iliyotulisha.

Ulikuwa na tabia moja iliyonichosha sana utotoni. Nikikuletea kitu nilichokiunga mwenyewe, taa ya betri au kifaa cha kulia mlango ukifunguliwa, hukuuliza kama kinafanya kazi. Ulichukua koleo ndogo, ukagusa kipande cha kwanza, ukauliza, "Hiki kazi yake nini?" Nikikueleza, unahamia kinachofuata. Nikishindwa, unakichomoa. Kifaa kikiendelea kufanya kazi bila kile kipande, unanirudishia kipande hicho mkononi. Kikizima, unakirudisha mahali pake na kuniambia, "Sasa unajua." Wenzangu walikuwa wakisifiwa na mama zao kwa kuongeza. Mimi nilisifiwa kwa kupunguza, na sikujua kwamba hiyo ilikuwa sifa.

Nataka kukumbuka pamoja nawe mwaka wangu wa mwisho chuoni, pale Braamfontein, kwa sababu katika mwaka ule kuna jambo nililokukosea na sijawahi kukuambia.

Unakumbuka ilivyoanza. Papa Kasongo, jirani yetu Mkongo wa chumba cha pembeni, alikuwa mlinzi wa zahanati ndogo kule Diepsloot, nje ya mji. Jioni moja alikuja kuchukua redio yake akakaa kwenye kiti bila kuigusa. Alisema kwamba Ijumaa mtu wa usafi alichomoa waya wa friji la chanjo ili achomeke mashine ya kusugulia sakafu, akasahau kuurudisha. Jumatatu Sista Nomsa, nesi mkuu, alifungua mlango wa friji akakuta joto. Chanjo zote za watoto zikatupwa.

"Wamama walikuwa tayari kwenye mstari," Papa Kasongo alisema. "Na batoto mugongoni. Sista akatoka kuwaambia warudi nyumbani. Mama Lindi, mimi nilimuona Sista analia."

Ulinitazama mimi. Nilikuwa natafuta mradi wa kumalizia shahada, na nikaona umejileta wenyewe mlangoni.

Nilifanya kazi wiki saba. Nilitengeneza bodi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza: chipu ya kompyuta katikati, kioo cha kuonyesha joto, taa tatu za rangi, na kifaa cha kutuma ujumbe kwenye simu ya Sista friji likizima. Vipande thelathini na saba. Nilikuwekea mezani Jumamosi asubuhi kama mtu anayeweka keki. Ukaishika kwa vidole viwili, ukaigeuza, ukasema lehemu yangu ni safi. Halafu ukachukua koleo.

"Hiki kazi yake nini?"

"Mama, not today," nikakwambia.

"Hiki?"

Nikaanza kukueleza kwa Kiingereza, haraka haraka, nikijua wazi kwamba maneno mengine yatakupita. Ukaniacha nimalize. Kisha ukasema kwa upole, "Niambie kwa Kiswahili, Lindiwe. Ukikosa neno, sema kwa mikono." Sikusema kwa mikono. Nilichukua bodi yangu nikaenda nayo chumbani, na Jumatatu nikaipeleka Diepsloot bila wewe.

Ilidumu siku nane. Umeme ulipokatika kwa mgao, mnara wa simu wa mtaa nao ulizima, kwa hiyo ujumbe haukwenda popote. Umeme uliporudi, chipu iliganda, na kioo kikabaki kinaonyesha joto la juzi. Sista Nomsa aliniita, akanionyesha, akaniambia kwa Kizulu bila kunidhihaki, "Eish, mwanangu, mashine yako inalala saa ile ile friji linapolala."

Katika teksi ya kurudi mjini, daladala za huku, nililia hadi abiria wa pembeni akanipa karatasi ya kujifuta. Nilipofika nyumbani uliniona uso. Ulisogeza birika la mtu lililokuwa mezani, ukapangusa meza kwa kiganja, ukasema, "Ilete. Tuondoe."

Ile Jumamosi tuliyoondoa ndiyo siku ninayoirudia mara nyingi kuliko siku zote za maisha yetu. Mimi nilikuwa najibu kwa Kiswahili kilichovunjika, wewe unachomoa. Taa tatu zikaenda kwanza. "Friji likizima, nani anaangalia taa Jumapili?" Kioo kikaenda, kwa sababu kulikuwa na kipimajoto mlangoni ambacho manesi walikisoma asubuhi na jioni. Kifaa cha simu kikaenda. Tulipofika kwenye chipu nikaweka mkono juu yake.

"Mama, hii ndiyo akili yenyewe. Hii ndiyo inayojua kwamba umeme umekatika."

Ukafikiri. Uliniheshimu sana kwa kufikiri, sasa ndipo naliona hilo. Kisha ukainuka, ukachakura kwenye kopo la spea, ukatoa rilei, kile kidude cha plastiki chenye waya uliosokotwa ndani na kibao kidogo cha chuma.

"Ukipitisha umeme hapa," ukasema, "waya unakuwa sumaku, unakivuta kibao na kukishikilia. Umeme ukiondoka, sumaku inakufa, kibao kinarudi chenyewe. Sasa nani anahitaji kujua kwamba umeme umekatika? Umeme wenyewe ndio unaozuia kengele isilie. Ukiondoka, hakuna wa kuizuia."

Niliondoa mkono juu ya chipu. Miaka minne ya chuo, Mama, na nikaichomoa mwenyewe.

Mchana tukabaki na vitu vinne: adapta ya simu iliyozeeka, rilei, betri na kengele ndogo ya kupiga kelele. Umeme ukiwepo, adapta inaishikilia rilei na betri inapumzika. Ukikatika, kibao kinarudi, betri inaiwasha kengele. Basi. Halafu ukaongeza jambo ambalo halikuwa hata kipande. Waya wa friji na waya wa adapta ukaziunga kwenye plagi moja, ili anayechomoa friji aichomoe na adapta, apende asipende. Nilicheka kwa sauti. Ukaniuliza nacheka nini, nikashindwa kueleza kwa lugha yoyote.

Msimamizi wangu chuoni hakucheka. Aliutazama mchoro, akaugeuza nyuma kuona kama kuna ukurasa wa pili. "Vitu vinne," akasema. "Huu ni mradi wa mwaka wa nne au wa darasa la saba?" Akanipa hadi mwisho wa muhula nithibitishe kwamba vinatosha, la sivyo nirudie mwaka. Nilikuja kukwambia. Ukaniuliza kama alionyesha kasoro yoyote. Nikasema hakuonyesha. "Basi hasira yake iache kwake," ukasema, ukarudi kwenye pasi uliyokuwa unaitengeneza.

Tulikwenda wawili kuifunga. Ilifanya kazi kila mgao wa umeme ulipopita, na Papa Kasongo alikuwa anatuletea habari kila jioni kama mtu anayetangaza mpira. Kisha, wiki ya sita, akarudi nyumbani mapema, kofia mkononi. Friji lilizima tangu Jumamosi. Kengele haikulia. Betri ilikuwa imekwisha yenyewe, polepole, na hakuna aliyejua, kwa sababu kengele iliyokufa na kengele iliyo salama zote zinanyamaza sawasawa.

Chanjo zilitupwa tena.

Sijawahi kukuona vile. Hukulaumu betri wala Sista. Ulikaa mezani, mikono mapajani, mbele yako redio ya mtu iliyofunguliwa, na hukuigusa siku nzima. Watu walipobisha nikawaambia warudi kesho. Jioni ukasema kitu ambacho sikutarajia kukisikia kutoka kwako: "Nimeondoa kupita kiasi."

Nilitaka kukufariji, nikaona maneno hayatoshi. Nikaenda chumbani nikachora. Mchoro wa kwanza ulikuwa na saketi ya kuchaji betri na ya kupima nguvu yake, vipande kumi na kimoja. Niliutazama nikasikia sauti yako kichwani, kipande kwa kipande, nikaukunja. Wa pili ulikuwa na sita. Nao nikaukunja. Siku ya pili, nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, ya Empire Road nasubiri kuvuka, nilikumbuka jinsi unavyoijaribu pasi: huipimi kwa mashine yoyote, unaiwasha tu. Nikageuka nikarudi nyumbani bila kwenda darasani.

Nilikuta umeanza kuishika ile redio. Nikaweka mbele yako kitufe kimoja cha kubonyeza, nikaeleza kwa Kiswahili, na nilipokosa neno nikasema kwa mikono. Kitufe kinakaa kati ya adapta na rilei. Ukikibonyeza, kinaukata umeme wa rilei kwa muda ule tu wa kidole chako. Rilei inadhani umeme umekatika, inaachia kibao, betri inaiwasha kengele. Kwa hiyo kila asubuhi Sista anapofungua zahanati anabonyeza mara moja. Ikilia, betri ni nzima, rilei ni nzima, kengele ni nzima, na waya zote. Isipolia, anabadilisha betri kabla hajavua koti.

Ukachukua chuma cha kulehemu. Ukakiunga. Ukabonyeza, ikalia. Ukabonyeza tena. Ukabonyeza mara ya tatu, na mama wa chumba cha juu akagonga sakafu kwa kiatu. Halafu ukachukua koleo, ukagusa kitufe changu.

"Hiki kazi yake nini?" ukauliza, ingawa nilikuwa nimekueleza dakika ile ile.

"Kusema ukweli kila asubuhi," nikajibu.

Ukaweka koleo mezani. "Hiki kibaki," ukasema. Nimepokea vyeti kadhaa tangu siku ile, Mama, na vingine nimepewa jukwaani watu wakipiga makofi. Hakuna kilichonifikia kama maneno yale mawili.

Jumapili ya tatu baada ya hapo tulikuwa tumetoka kanisani, wewe ukikaanga maandazi, simu ikaita. Papa Kasongo alikuwa anapiga kelele kuishinda kengele iliyokuwa nyuma yake. "Mama Lindi! Ile kitu yako iko inalia! Iko inalia bila kuacha! Mimi nishaita Sista, iko anakuja mbio na mabarafu!" Swichi kuu ya zahanati ilikuwa imejikata yenyewe, mchana kweupe, mtaa mzima ukiwa na umeme, na bila kengele asingejua mtu hadi Jumatatu. Sista Nomsa alifika na makasha ya barafu, wakahamisha chanjo yeye na Papa Kasongo, chupa baada ya chupa. Haikuharibika hata moja.

Kesho yake ulisema unataka kwenda kuona. Tulisimama karibu na geti la zahanati. Mstari wa akina mama ulikuwa umefika hadi kwenye spaza ya jirani, kile kiduka cha mtaani, na ndani ya zahanati watoto walikuwa wanalia mmoja baada ya mwingine kila sindano ilipoingia. Sista alitoka akakushika mikono yote miwili, akakuambia jambo refu kwa Kizulu. Nilipotaka kukutafsiria ukaniambia, "Acha, nimeelewa." Ukaendelea kuwasikiliza wale watoto wakilia, na uso wako, Mama, ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kwaya.

Kwenye mtihani wa kutetea mradi ulikaa kiti cha nyuma kabisa, umejifunga kitenge cha zambarau. Msimamizi wangu aliuliza maswali nusu saa. Kwa nini hiki, kwa nini si kile, friji likiharibika lenyewe umeme ukiwepo itakuwaje. Nilijibu yote. Ilikuwa rahisi kuliko asubuhi yoyote mezani kwako. Mwishoni akainuka mwenyewe, akachomoa plagi ukutani. Kengele ikalia, walimu wakaziba masikio, na nikasikia mtu mmoja tu chumba kizima akicheka. Nilipita, na kwa alama za juu. Msimamizi yule alinipa mkono akasema kwamba amefundisha miaka mingi na hadi siku ile hakuwahi kushindwa kupata kitu cha kuondoa kwenye kazi ya mwanafunzi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ripoti ya mradi ilikuwa na jina langu peke yake. Kulikuwa na ukurasa wa shukrani, na pale niliandika kwamba namshukuru mama yangu kwa upendo, sala na chakula. Chakula, Mama. Niliogopa walimu wangesema kazi si yangu. Lakini niseme ukweli wote: niliona haya pia. Niliona haya kwamba wazo la rilei lilitoka kwa mwanamke anayetengeneza mabirika Berea, asiye na cheti kinachotambulika hapa. Uliniomba nikusomee ule ukurasa kwa Kiswahili. Nilikusomea. Ukasubiri kidogo, labda ukidhani kuna mstari mwingine. Kisha ukasema, "Asante. Umeandika vizuri," ukawasha chuma cha kulehemu.

Hukulitaja tena. Miaka miwili baadaye mapafu yako yakaanza kukusumbua, na katika miezi ile ya hospitali kila nilipofungua mdomo kukuomba radhi nilikukuta unauliza kama nimekula. Ukaondoka hivyo, nikiwa bado nimeubeba ule mstari uliokosekana.

Mwezi uliopita walinipigia kutoka ofisi moja ya afya. Wanataka kuifunga kengele ile kwenye zahanati nyingine, zile ndogo ambako Jumapili hakuna mtu ila mlinzi. Waliniomba mchoro safi na fomu ya kueleza ni nani aliyebuni. Niliijaza nikaipeleka. Siku ya pili kijana wa ofisi akapiga simu, mwenye adabu sana, akasema anadhani nimekosea.

"Kuna majina mawili hapa, dada. La juu silifahamu. Ni injinia wa kampuni yenu?"

"Hapana."

"Ana shahada ya fani gani?"

"Hana shahada. Alikuwa fundi redio, Berea."

Nikasikia akigeuza karatasi. "Kwa hiyo tumwandike kama msaidizi?"

"Mwandike kama mbunifu," nikamwambia. "Vipande vinne ni vyake. Kimoja ni changu. Ndiyo maana jina lake liko juu."

Nilidhani ataniambia kuna kanuni, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Badala yake akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi, asije akalikosea, kwa sababu litachapwa ndani ya mfuniko wa kila kisanduku. Nilikuwa nimesimama dirishani ofisini kwangu, Braamfontein yote chini yangu, mabasi na wanafunzi na honi. Nikalitaja polepole, kwa sauti kubwa, hadi wenzangu wakageuka kwenye meza zao kunitazama. Salome. Mkude. Sikujali machozi. Nilikuwa najivuna mno.

Pumzika salama, Mama. Nimekula.

Mwanao,
Lindiwe